Maswali ya Wasomaji: Nyundo, Bisibisi na Vifaa Vingine vya Kuweka Nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni vifaa gani mtu asiye fundi anapaswa kuwa navyo nyumbani, na avitumie hadi wapi kabla ya kumpisha fundi mwenyewe. Tumechagua tano zinazokamilishana.

Swali: Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tumehamia nyumba ya kupanga huku Tabata, Dar es Salaam, na tangu tuingie hatujawahi kumaliza wiki mbili bila kumwita fundi: mara bawaba ya kabati imelegea, mara kitasa cha mlango kinagoma, mara kitanda kinalia usiku kucha. Kariakoo nimeonyeshwa sanduku la plastiki lenye vifaa zaidi ya mia moja kwa bei isiyotisha, na mume wangu anashauri tulinunue. Je, ni uamuzi wa busara? — *Mama mpangaji, Tabata*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msilinunue. Ukilifungua sanduku la namna hiyo na kuhesabu kilichomo, utakuta sehemu kubwa ya hivyo vipande mia ni skrubu ndogo, misumari ya picha na vichwa vya bisibisi vinavyofanana, na kwamba vile vichache ambavyo ungevitumia kila wiki ndivyo vilivyotengenezwa kwa chuma laini kuliko vyote. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami huwa nawakubalia katika mengi, lakini kwenye bisibisi nawapinga, kwa sababu bisibisi mbovu haiishii kuharibika yenyewe bali huila na skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa ndiyo inayokulazimisha kumwita fundi kwa kazi ambayo ilikuwa ya dakika mbili.

Njia iliyo bora ni kuchukua daftari na kuandika, kwa mwezi mmoja, kila kilicholegea, kilichovuja na kilichogoma humo ndani, kisha kununua kwa kufuata orodha hiyo. Barua yako tayari imeanza kuiandika. Bawaba ya kabati inataka bisibisi ya nyota ya namba 2, ambayo ndiyo inayoingia katika skrubu nyingi za nyota za nyumbani. Ukiongeza bisibisi bapa mbili, moja pana na nyingine nyembamba ya milimita 3 au 4, utakuwa umeshughulikia karibu kila skrubu iliyomo katika nyumba ya kawaida. Dukani, omba uijaribu bisibisi kwenye skrubu yenyewe: ncha inapaswa kulijaza tundu bila kucheza, na mpini uwe mnene wa kushikika na mkono wenye jasho.

Kitanda kinacholia usiku, na hapa sitauliza zaidi, aghalabu ni cha bolti zilizolegea, nacho hutaka spana. Bolti ya milimita 6 hushikwa na spana ya 10, na ya milimita 8 hushikwa na spana ya 13. Spana hizo mbili zitakufaa kwenye kitanda, kwenye meza ya kuunganisha na hata kwenye baiskeli ya mtoto. Kabla ya kukaza, weka kipande cha mpira wa tairi la ndani au kitambaa kizito pale mbao mbili zinaposuguana, kwa kuwa sauti hutoka kwenye msuguano, na bolti iliyokazwa peke yake italegea tena baada ya miezi michache.

Kitasa kinachogoma hakitaki nguvu wala mafuta ya kula. Watu wengi hutia mafuta ya kula ndani ya tundu la ufunguo, kitasa kikalainika kwa wiki moja, kisha mafuta yakaganda, yakashika vumbi, na kitasa kikawa kibaya kuliko mwanzo. Chukua penseli ya kawaida, iliyo laini, uipake risasi yake pande zote za ufunguo hadi uwe mweusi, kisha ingiza na kuzungusha mara kadhaa. Unga huo hulainisha bila kushika vumbi. Bawaba za mlango, kwa upande wake, zinapenda oili nyepesi ya cherehani, ambayo huuzwa katika kichupa kidogo na hudumu mwaka mzima.

Baada ya hapo, nunua nyundo moja nzuri, nami nasisitiza neno nzuri. Uzito wa nusu kilo hivi unatosha kwa misumari ya nyumbani na haumchoshi asiyezoea. Nilipokuwa kijana nilinunua nyundo ya bei ya kutupwa kwa mchuuzi wa barabarani, na siku ya tatu kichwa chake kilichomoka, kikapita karibu na sikio la mpwa wangu na kuvunja sahani iliyokuwa kabatini. Tangu hapo, kabla ya kulipa, huangalia juu ya kichwa cha nyundo kama mpini umepigwa kabari, kisha huishika kwa kichwa na kuutikisa mpini kwa nguvu. Mpini wa mbao ukilegea baadaye, usiiloweke nyundo kwenye maji kama wengi wanavyofanya, kwani mbao huvimba leo na kunywea kesho, na ikinywea hulegea zaidi. Dawa yake ni kabari mpya.

Koleo la mafundi umeme, lile lenye meno ya kushikia na makali ya kukatia waya, nalo lina jaribio lake: lifunge, uliinue juu ya mwanga, uangalie kama nuru inapenya katikati ya makali. Ikipenya, litatafuna waya badala ya kuukata. Futi ya chuma ya mita 5 inatosha, na tafadhali usiigongee ile ndoano ya mwisho inayocheza cheza, kwa kuwa haikuharibika: imeachwa icheze makusudi kwa kadiri ya unene wake, ili kipimo kiwe sahihi unapoivuta kutoka ukingo wa nje na unapoisukuma kwenye ukuta wa ndani. Nimewahi kuona fundi mwenye miaka kumi kazini akiigonga ndoano hiyo kwa nyundo na kuisifu kwamba sasa imetulia.

Ongeza msumeno wa chuma, ambao utakata bolti iliyoshika kutu na kufuli ambalo ufunguo wake umepotea; unapofunga wembe wake, meno yaelekee mbele, kwa sababu hukata unapousukuma. Randa, patasi na keekee mwachieni seremala. Vyote nilivyovitaja vinaingia katika ndoo ndogo yenye mfuniko, na mnaweza kuvinunua kimoja kimoja kwa miezi mitatu au minne. Mkienda kwenye maduka ya Gerezani, msione haya kuulizia vifaa vya mitumba, kwa maana koleo kuukuu la chuma kizito, hata likiwa na kutu juu, mara nyingi litaishi kuliko jipya linalong'aa.

Swali: Mfereji wa jikoni kwangu unadondoka usiku na mchana. Fundi alikuja, akaukaza kwa nguvu, ukatulia siku nne, sasa unadondoka zaidi. Je, ninaweza kuutengeneza mwenyewe, na nihitaji nini? — *Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Jibu: Unaweza, na huyo aliyeukaza hakuutengeneza bali aliumaliza. Mfereji, au koki kama waitavyo wengi wa Tanzania, ni wa aina mbili. Ikiwa unauzungusha mara kadhaa ili maji yatoke, basi ndani yake mna washa ya mpira inayokandamizwa juu ya tundu, na mpira huo ndio uliochakaa. Kila unapoukaza kwa nguvu unauponda zaidi. Ikiwa unatoa maji kwa robo ya mzunguko tu, ndani mna visahani viwili vya kauri, na hapo hakuna washa ya kubadilisha: unanunua moyo mzima wa mfereji, na ili usikosee ukubwa unauchukua ule wa zamani hadi dukani.

Kwa mfereji wa washa, unahitaji spana moja inayopanuka na kubana, ile ambayo mafundi wameipa jina ambalo jarida hili haliwezi kulichapa bila kuona haya, pamoja na bisibisi, kitambaa na washa mpya ya nusu inchi, ambayo ndiyo inayoingia katika mifereji mingi ya jikoni. Funga maji kwanza kwenye valvu, ufungue mfereji ili maji yaliyobaki yatoke, uzibe tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isikuponyoke ikazama, kisha uondoe mpini, ulegeze nati kubwa iliyo chini yake na uchomoe moyo. Washa iko chini kabisa. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole ndani ya mfereji, kwenye ukingo wa shaba ambao washa huukalia: ukihisi mikwaruzo au kipengo, washa mpya nayo italiwa baada ya muda mfupi, na hapo mwite fundi mwenye kifaa cha kusawazishia ukingo huo, au ubadilishe mfereji wote.

Usiudharau mdondoko. Tone moja kwa kila sekunde, tukihesabu matone 20 hivi kwa mililita moja, ni zaidi ya lita 4 kwa siku, yaani ndoo ya lita 20 inajaa kabla ya siku ya tano kwisha.

Vitu vingine vya maji vya kuweka akiba ni vichache: washa mbili tatu, na kile kitepu cheupe chembamba kisicho na gundi cha kuzungushia nyuzi za bomba. Kizungushe kuelekea upande ambao kiungo kitakazwa, mizunguko mitatu hadi mitano, vinginevyo kitajikusanya na kutoka chenyewe unapokaza. Kuhusu gundi ya mabomba, angalia kwanza mabomba yako ni ya aina gani. Ya plastiki ngumu ya PVC hugundishwa, lakini yale ya PPR, ambayo nyumba nyingi mpya zinayatumia, huunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260 hivi, na hakuna gundi yoyote ya dukani itakayoyashika. Watu hununua kopo zima, wakapaka, wakasubiri, na bomba likavuja vilevile.

Tena, ijue valvu kuu ya maji ya nyumba yako kabla hujanunua hata kifaa kimoja. Nenda leo ukaifunge na kuifungua. Valvu isiyoguswa kwa miaka huganda kwa kutu na chumvi, na siku bomba litakapopasuka saa nane za usiku hutakuwa na muda wa kuibembeleza.

Swali: Nina testa, ile bisibisi yenye taa ndani. Je, ikikataa kuwaka, ninaweza kuamini kwamba waya hauna umeme? — *Kijana wa Nyamagana, Mwanza*

Jibu: Hapana, usiiamini peke yake. Taa iliyo ndani ya testa huwashwa na mkondo mdogo mno unaopita kwenye kizuizi kilicho ndani yake na kwenye mwili wako, kwa hiyo inaweza kukataa kuwaka kwa sababu hujagusa kifuniko cha chuma cha nyuma, kwa sababu umesimama juu ya ngazi kavu ya mbao huku umevaa ndara za mpira, kwa sababu taa yenyewe imekufa, au inaweza kuwa inawaka lakini jua la dirishani likakuzuia kuiona. Kila mara anza kwa kuijaribu kwenye soketi unayoijua kuwa ina umeme, kisha pima pale unapotaka kufanya kazi, kisha urudi tena kwenye soketi ile ya kwanza ili uhakikishe kwamba testa haikufa katikati. Swichi kuu izimwe baada ya jaribio la kwanza, kabla ya kupima pale unapotaka kufanya kazi, iwashwe tena kwa jaribio la mwisho tu, kisha izimwe kabla hujagusa waya.

Testa haikuambii kila kitu hata inapowaka, kwa kuwa huonyesha waya wenye umeme tu, wala haiwezi kugundua kwamba waya wa kurudishia umekatika au kwamba waya wa ardhini haukuunganishwa. Ninawashauri wasomaji wasiitumie kama bisibisi ya kukazia, maana ncha yake ni dhaifu, na mpini uliopasuka unaweza kuuleta umeme wa volti 230 kwenye kiganja.

Kazi za umeme ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifanya ni kubadilisha balbu, kubadilisha fyuzi ndani ya plagi na kufunga plagi mpya. Plagi zetu za miguu mitatu ya mraba zina fyuzi ndani, na kosa la kawaida ni kuweka ya ampea 13 katika kila plagi. Pasi na birika ndizo zinazoihitaji hiyo. Taa ya mezani na redio zinataka ya ampea 3, kwa sababu fyuzi kubwa kwenye waya mwembamba itauacha waya uungue kabla yenyewe haijakatika. Weka akiba ya zote mbili, pamoja na tepu ya umeme. Unapofunga plagi, waya wa kahawia ndio wenye umeme, nao unakwenda upande wa fyuzi; wa buluu ni wa kurudishia; na wa kijani na njano ni wa ardhini, unaokwenda kwenye mguu mrefu. Kwenye nyaya za zamani, nyekundu ndiyo yenye umeme, na nyeusi ndiyo ya kurudishia.

Chochote kilicho ndani ya ukuta au ndani ya kisanduku cha breka si chako wala si changu. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, ambayo hutolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati, yaani EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe.

Swali: Vifaa vyangu vyote vimeshika kutu, ingawa siviachi mvuani. Hewa ya bahari inatuonea. Nifanyeje? — *Msomaji wa Malindi, Unguja*

Jibu: Ni kweli, chumvi iliyo hewani hushika unyevu juu ya chuma na kuiharakisha kutu. Kwa kutu iliyopo, viloweke vifaa katika siki usiku mmoja, uvisugue asubuhi kwa stili waya ya kuoshea sufuria, uvisuuze kwa maji yaliyotiwa magadi kidogo ili kuua makali ya siki, na uvikaushe juani saa hiyohiyo. Usiviache kwenye siki kwa siku tatu kwa kufikiri kwamba itakuwa bora zaidi, kwani ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Kisha vipanguse kwa kitambaa kilicholowa oili ya cherehani, kitambaa ambacho utakihifadhi humohumo ndani ya sanduku na kukitumia kila unapomaliza kazi. Usiliweke sanduku juu ya sakafu ya saruji. Lining'inize au uliweke juu ya ubao. Vipande vichache vya mkaa mkavu vilivyofungwa ndani ya kitambaa hufyonza unyevu, mradi uvianike juani kila baada ya wiki chache.

Kwa nati iliyokwisha kuganda, dondoshea mafuta ya taa, uigonge kidogo, uiache hadi kesho yake. Haraka ndiyo inayovunja bolti.

Swali: Nina maswali mawili mafupi. Kila nikipigilia msumari ukutani unapinda au unaruka. Pili, jirani aliazima msumeno wangu tangu Pasaka na sijui nimwambieje. — *Mstaafu, Thika*

Jibu: Msumari wa mbao hauingii kwenye tofali la saruji, na ule wa saruji, kwa kuwa ni wa chuma kilichofanywa kigumu, haupindi bali huvunjika na kuruka kama risasi, kwa hiyo vaa miwani ya kinga, ambayo ni sehemu ya vifaa vya nyumba sawa na nyundo. Kwa picha ndogo, msumari mfupi wa saruji unatosha. Kwa rafu, kioo kikubwa au televisheni, mwazime mwenye mashine ya kutoboa, utoboe tundu lenye upana uleule wa plagi ya plastiki ya ukutani, milimita 6 kwa mzigo wa kawaida, upulize vumbi lote litoke, ndipo uingize plagi na kukaza skrubu. Usitoboe mahali palipo wima juu au chini ya swichi na soketi, kwa sababu huko ndiko nyaya hupita. Kwenye mbao, chagua msumari wenye urefu mara tatu ya unene wa ubao unaoupigilia, na ukiuona ubao unataka kupasuka, gonga ncha ya msumari iwe butu kidogo kabla ya kuupiga: ncha butu huzikata nyuzi za mbao, ilhali ncha kali huzitanua zikapasuka.

Kuhusu jirani, mimi hupaka mipini ya vifaa vyangu vyote rangi ya chungwa isiyopendeza, na huandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo jina la aliyeazima na tarehe, mahali ambapo yeye mwenyewe anaona ninapoandika. Haijapata kumkasirisha mtu, na vifaa hurudi. Kwa msumeno huo wa Pasaka, nenda leo jioni na uuombe kwa sababu una kazi nao, na iwe kazi ya kweli. Ukirudishiwa, tazama meno yake kabla hujaaga: yakiwa yameng'aa kwenye ncha zake zote, ametumia kukatia misumari, nawe utahitaji tupa ya pembe tatu na alasiri nzima ya kuyanoa.